Jalada la Mdogo Wake

Mawakili ndio waliomwita Mama Jalada, na jina likamganda hata makarani wenzake wakawa hawalikumbuki tena jina lake la kuzaliwa. Miaka ishirini na sita alikuwa masjala ya mahakama ya wilaya, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, rafu za chuma mpaka darini, na ngazi ya mbao iliyokosa kipago cha tatu, kwa hiyo kila aliyepanda ilimbidi anyanyue mguu kama anayeruka mtaro. Vumbi la karatasi lilikuwa linakaa kooni, hata ukinywa maji vipi. Mbele kulikuwa na dirisha la huduma lenye nondo, na kibao cha mbao kilicholainishwa na viwiko vya watu waliosubiri.

Makarani wapya aliwafundisha mwenyewe. Aliwasimamisha katikati ya chumba na kuwaonyesha kwa rula.

"Jalada jekundu ni jinai. Hapo serikali ndiyo inayolalamika, hata kama aliyeumia ni jirani yako wa ukuta mmoja. Na mwenye kosa anajibu mwenyewe, kwa mwili wake. Huwezi kumtuma shemeji akakukalie jela. La bluu ni madai, mtu na mtu. Hapo anatafutwa wa kufidia hasara, na mwajiri anaweza kujibu kwa alichoharibu mfanyakazi wake. Njano ni mambo ya kazi. Kijani ni mirathi. Mwenye mali ameshatulia zake, wanaorukiana ni waliobaki. Ukichanganya jekundu na bluu, utakuja kumfunga mtu kwa sababu ya mpaka wa shamba."

Wakicheka, yeye hacheki. Alikuwa mtu wa uso mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na fahari yake ilikuwa moja tu: tangu aanze kazi, hakuna jalada lililowahi kupotea mkononi mwake. Mahakimu walikuja, wakahamishwa, wakastaafu; majalada yake yalibaki mahali pake.

Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mama mmoja baba mbalimbali, ambaye alimchukua akiwa na miaka saba, wiki ile mama yao alipozikwa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimkalia macho alipougua surua, alimchapa alipotoroka darasani, na siku alipopata leseni ya kuendesha malori alimkumbatia barabarani mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Huyo mdogo mtu akaajiriwa kuendesha lori la maji la tajiri mmoja aliyekuwa akisambaza maji kwenye majengo na viwanda. Akaoa. Wakahamia mtaa wa pili kutoka kwa dada, na kila Jumamosi mchana walikula pamoja.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Lori limejaa maji pomoni, linateremka mtelemko wa sokoni. Chini ya mtelemko kuna kivuko, na kwenye kivuko alikuwepo mwanamke mmoja aliyebeba chupa ya chai. Alikuwa akimpelekea mumewe, fundi viatu mwenye kibanda chake upande wa pili wa barabara. Fundi alimwona mkewe akiingia kivukoni, akainama kidogo kuisogeza stuli ili apate pa kukaa. Alipoinua kichwa lori lilikuwa limeshapita.

Mama Jalada alipata habari akiwa kazini. Alikwenda kituo cha polisi, akasimama nje mpaka mchana, na alipomwona mdogo wake anatolewa kwenda kuandikisha maelezo, shati lake likiwa na matone ya chai iliyomrukia alipokwenda kumnyanyua yule mama, alijikuta anayahesabu.

Mdogo wake alipata dhamana siku ya tatu. Akaja moja kwa moja kwa dada yake, akaketi mezani na bahasha mbili mkononi. Ya kwanza ilitoka kwa tajiri: amesimamishwa kazi, ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Ya pili ilitoka ofisi ya leseni: leseni yake imezuiwa, afike mbele ya bodi. Na polisi walikuwa wameshamwambia hati ya mashtaka inaandaliwa. Na mtu wa mtaani kwa fundi viatu alikuwa ameshamnong'oneza kwamba wakili ametafutwa.

"Dada," alisema, "mimi nimekosa mara moja. Mbona naitwa mara nne?"

Yule dada akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga.

"Kwa sababu wanaouliza ni wanne, na kila mmoja ana swali lake. Tajiri anauliza kama umevunja masharti ya kazi yake. Ofisi ya leseni inauliza kama unafaa kuachiwa gari barabarani. Fundi viatu anauliza nani atamfidia hasara yake, na hapo tajiri wako hatachomoka, maana lori ni lake na ulikuwa kwenye kazi yake. Serikali inauliza kama unastahili adhabu. Ukimjibu mmoja, hujawajibu wengine."

"Na breki je? Nilimwambia tajiri mara mbili kwamba breki zinazama. Akasema nimalizie wiki."

"Hilo liseme kote. Litakusaidia."

Mdogo wake akaziweka bahasha mezani. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye meza: "Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Nilipoinua macho yule mama alikuwa katikati. Breki nilizikanyaga nimeshachelewa."

Mama Jalada alichukua zile bahasha mbili, akazinyoosha kwa kiganja, akaziweka moja juu ya nyingine.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

Kanuni za mahakama zilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wengine: karani akiona kesi ya ndugu yake, amwarifu Msajili siku hiyohiyo, na jalada lishikwe na mwingine. Jalada jekundu la mdogo wake lilipoingia masjala, wiki tatu baadaye, yeye ndiye aliyelipokea. Akaandika namba kwenye daftari. Majina yao ya ukoo hayakufanana, kila mmoja alibeba la baba yake. Hakuna aliyejua. Alijiambia atakwenda kwa Msajili baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula alijiambia kesho.

Kesho yake alilisoma. Ndani mlikuwa na mchoro wa barabara, taarifa ya daktari, na maelezo ya shahidi mmoja muuza matunda, ambaye alisema: dereva alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu mapajani. Mstari mmoja na nusu, mwandiko mbaya wa askari. Aliusoma mpaka akauona hata akifumba macho.

Siku mbili kabla ya kusikilizwa, mke wa mdogo wake alikuja kumwona. Alikuwa mjamzito wa miezi saba. Hakuomba chochote. Aliuliza tu kama gerezani wanaruhusu mtu kumwona mtoto mchanga, au mpaka atembee. Mama Jalada akajibu kwamba hajui, ingawa alikuwa anajua.

Jioni hiyo, wenzake wakifunga madirisha, alipanda ngazi. Juu kabisa, rafu ya mwisho, kulikuwa na majalada ya kijani ya mirathi zilizokwisha zamani, za watu ambao hata warithi wao walikuwa wameshafariki. Alivuta moja, akalitumbukiza jalada jekundu ndani ya ganda lake, akalirudisha. Haikumchukua dakika moja. Alipoteremka alisahau kile kipago kilichokosekana, mguu ukapita hewani, akaning'inia kwa mikono miwili. Karani wa mkataba, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyekuwa akilea watoto wawili peke yake, alikimbia kumshika.

"Mama, utajivunja! Si ungeniambia mimi nikapanda?"

"Nimeshamaliza," alisema.

Siku ya kesi, hakimu alisubiri. Mwendesha mashtaka alisubiri. Karani wa chumba cha mahakama alitumwa masjala, akarudi mikono mitupu. Jalada halionekani. Kesi ikaahirishwa wiki tatu. Wiki tatu zikaisha, halionekani, ikaahirishwa tena mwezi. Polisi walisema watatafuta nakala. Nakala nyingine zilipatikana, nyingine zilikuwa kwenye dawati la askari aliyehamishwa. Mara ya tatu, muuza matunda hakufika. Alikuwa amefunga meza yake na kurudi kwao.

Mdogo wake akaanza kula vizuri. Jumamosi moja alicheka mezani, kicheko kifupi, kisha akamtazama dada yake kwa macho ya kuuliza. Dada akamwongezea mchuzi. Hawakulizungumza.

Fundi viatu alikuwa akija kila tarehe iliyopangwa, na katikati ya tarehe pia alikuja. Mtu mwembamba, koti moja la kijivu lililoshonwa vizuri kwenye viwiko, kucha zimeingia rangi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Alisimama kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika alitoa mfuko wa nailoni wenye karatasi zake.

"Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. Nimekuja kuuliza lile la mke wangu."

"Bado halijaonekana, kaka."

"Haya. Sasa hii barua nimeletewa jana. Mimi kusoma kwangu ni kwa namba tu, namba za viatu. Ungenisaidia."

Alimsomea. Ilikuwa ya wakili wake. Ilisema ile kesi ya madai dhidi ya dereva na mwenye lori ingekuwa nyepesi kama ya jinai ingekwisha kwanza, kwa hiyo ni vyema wakasubiri. Alimsomea polepole, akamweleza neno kwa neno, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuwafanyia watu wote kwa miaka ishirini na sita, na sauti yake haikumsaliti.

"Kwa hiyo yote yanangoja hilo moja," alisema fundi.

"Yote yanangoja hilo."

"Unajua dada, watu wananiambia nataka yule kijana afungwe. Sijui kama nataka. Mimi nilikuwa nasogeza stuli. Sikuona. Mke wangu kafa mbele yangu na sikuona. Nataka nikae mle ndani, mtu asimame, aseme ilikuwa hivi na hivi, mwanzo mpaka mwisho. Nisikie. Halafu wafanye wanavyofanya."

Alikunja barua yake, akaitia mfukoni. Kisha akachungulia chini, upande wa pili wa nondo, pale palipoonekana miguu ya karani.

"Kisigino hicho kitakuangusha. Nipe."

"Ah, kaka, acha tu."

"Nina kazi gani? Nasubiri. Nipe."

Hakujua akatae vipi. Akavua kiatu, akakipitisha chini ya nondo. Fundi akaketi kwenye benchi la nje, akatoa nyundo ndogo na misumari kwenye koti lake. Kwa nusu saa Mama Jalada aliwahudumia watu akiwa na mguu mmoja peku kwenye sakafu ya saruji, akisikiliza ile nyundo. Kiatu kiliporudi kilikuwa kimepigwa rangi pia. Alipoingia chooni alijifungia, akafungua bomba, na maji yakamwagika mpaka mtu akagonga.

Hata hivyo hakulirudisha. Hili alikuja kulisema mwenyewe baadaye, bila kujipunguzia: kwamba alikivaa kile kiatu wiki mbili na jalada likabaki pale juu.

Kilichombana kilikuja kutoka upande mwingine. Lalamiko lilikuwa limefika mkoani, na mkoani wakataka jina. Kila jalada linapotolewa rafuni, anayelichukua hutia sahihi kwenye daftari la matembezi, na sahihi ya mwisho kwenye jalada lile ilikuwa ya karani wa mkataba, ambaye alilipeleka kwa mwendesha mashtaka na kulirudisha siku ileile, asisaini kurudisha kwa sababu kulikuwa na foleni. Ijumaa asubuhi alipewa barua. Alipewa siku saba ajieleze kwa nini mkataba wake usivunjwe na suala lake lisipelekwe polisi.

Alikuja nayo kwa Mama Jalada.

"Mama, wewe unanijua. Nilirudisha. Nililiweka juu ya meza yako, mimi mwenyewe, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi waambie. Wewe wakisikia ni wewe wataamini. Mimi wakinipeleka polisi, watoto nawaacha na nani?"

"Nitawaambia," alisema Mama Jalada, na yule mwanamke akamshika mkono, akaubusu kwa namna watoto wanavyowabusu bibi zao, akaenda zake kufuta macho.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Wakala pamoja. Wifi yake alipotoka kwenda kuanika nguo za mtoto, ambaye alikuwa ameshazaliwa, wa kike, Mama Jalada akasema:

"Jumatatu nalirudisha."

Mdogo wake hakuuliza nini. Kijiko kikabaki hewani.

"Dada, ni suala la muda tu. Wakili wangu kasema zikipita tarehe mbili tatu nyingine, hakimu ataifuta."

"Kuna mtu atafukuzwa kwa ajili yangu. Na pengine afungwe."

"Nani?"

"Mwenzangu wa kazini."

"Mwenzako wa kazini." Alikiweka kijiko chini. "Na mimi ni nani yako?"

"Wewe ndio sababu nilipanda ile ngazi. Usiniulize wewe ni nani yangu."

"Ulinilea ili uje unifunge mwenyewe?"

"Ningeanza kukuambia ukweli siku ile ya bahasha, tusingefika hapa. Ulikuwa unasoma simu. Yule mtu anakuja dirishani kwangu. Ananisalimia. Ananitengenezea kiatu. Wewe hujawahi hata kumwona uso."

"Nilimnyanyua mkewe kwa mikono hii!" Sauti ilipanda, mtoto akaamka chumba cha pili akaanza kulia. "Kila nikifumba macho namwona. Unadhani nalala? Unadhani jela itanifunza nini ambacho sijui?"

Mama Jalada alikwenda kumchukua mtoto, akamtembeza tembeza. Aliporudi mezani sahani ya mdogo wake ilikuwa nusu, na kiti chake kitupu. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo, anatazama barabarani.

Jumatatu saa mbili kasorobo alikuwa mlangoni kwa Msajili, jalada jekundu kifuani, vumbi la rafu ya juu likiwa bado mabegani. Msajili walianza naye kazi mwaka mmoja, yeye akasoma zaidi akapanda. Alikuwa mzee wa kukohoa kohoa, mkarimu, mwenye woga wa mkoani.

"Limepatikana!" alisema, akainuka. "Alhamdulillahi. Lilikuwa wapi?"

"Ndani ya ganda la mirathi, rafu ya juu. Nililiweka mimi. Mshtakiwa ni mdogo wangu, tumbo moja."

Msajili akaketi. Alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji. Kisha akaenda kufunga mlango.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mwingine aliyekusikia. Jalada limeonekana, lilichanganyika na mengine. Mambo haya hutokea. Tunaandika limeonekana, kesi inaendelea, wewe umebakiza miaka mitatu ustaafu. Nenda nyumbani kapumzike."

Msajili alikuwa anasema kwa wema. Mama Jalada aliona jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Na yule wa mkataba?"

"Tutamwonya tu. Hakusaini."

"Atabaki na barua kwenye jalada lake la kazi. Mkataba ukiisha, hawatamwongezea. Kila akiomba kazi mahali watauliza. Hapana. Andika kama nilivyosema."

"Unajua nikiandika hivyo kinachofuata."

"Mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Kwanza kamati ya nidhamu, nitafukuzwa. Halafu nitashtakiwa kwa kuficha nyaraka za mahakama. Moja haizuii nyingine. Utumishi una hesabu zake, na jinai ina zake." Akamwona anaandika, akainama kutazama. "Si hicho kifungu. Hicho ni cha kuharibu. Mimi sikuharibu. Ni kinachofuata."

Msajili akakifuta, akaandika kingine, na mwandiko wake ukawa mbaya kama wa mtoto.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku moja. Hawakumpigia kelele, mjumbe mmoja aliyekuwa amefundishwa kazi naye alitazama dirishani muda wote. Alifukuzwa, na mafao yake mengi yakaenda na kazi. Jalada lake mwenyewe, jekundu, lilipelekwa kusikilizwa mahakama ya wilaya ya jirani. Alikubali kosa. Mwendesha mashtaka aliposoma maelezo, mwanzo mpaka mwisho, Mama Jalada aligeuza shingo kidogo akaona koti la kijivu kwenye benchi la nyuma. Fundi viatu alikuwa amekuja kusikiliza, kwa sababu wakili alimwambia linahusu jalada lake. Mpaka dakika ile hakuwa anajua ni nani.

Alihukumiwa kifungo cha miezi minane, akitumikie nje kwa kazi za jamii: kufagia na kupiga deki zahanati moja, siku tano kwa wiki. Wakitoka, fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi. Mama Jalada alisimama mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, mengi tu, na yote yakapukutika.

"Barua zangu," alisema fundi, "ulikuwa unanisomea sawasawa? Au ulikuwa unaruka?"

"Sawasawa. Kila neno."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa, akavaa kofia yake, akateremka. Hakugeuka.

Kesi ya mdogo wake ilisikilizwa mwezi uliofuata. Muuza matunda alitafutwa mpaka akapatikana kwao, akaletwa. Mdogo mtu alikana, akasimulia breki, lakini polisi walileta kumbukumbu za simu: ujumbe ulifunguliwa dakika ileile. Hakimu alizikubali breki, lakini akasema simu ilikuwa ya dereva na macho yalikuwa ya dereva. Miaka miwili. Kwenye madai, tajiri alipatikana na wajibu pamoja naye, kwa breki alizoambiwa na kwa lori lililokuwa kazini mwake; akakata rufaa, na rufaa hiyo imekaa mpaka leo kwenye rafu za watu wengine. Ofisi ya leseni ilifuta leseni moja kwa moja. Tajiri alikwisha kumfukuza zamani. Wote wanne wakawa wamepata majibu yao.

Karani wa mkataba aliongezewa mkataba. Alikuja mara moja zahanati, akamkuta mwalimu wake amepiga magoti anasugua chini ya kitanda cha wagonjwa. Alitaka kumnyang'anya tambara. Mama Jalada akakataa, akamuuliza kama kile kipago cha ngazi wameshakitengeneza. Hakikuwa kimetengenezwa. Wakakosa la kuzungumza zaidi.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikwenda gerezani. Alipanga foleni na wake za watu na mama zao, akaandika jina kwenye karatasi ya mgeni, akaandika "dada" mahali pa uhusiano. Askari alikwenda na karatasi ndani, akarudi nayo.

"Amekataa kutoka."

"Basi mpe hivi vitu."

"Navyo amekataa, mama. Amesema urudi navyo."

Akarudi navyo: dawa ya meno, fulana, mkate. Wifi yake alikuwa akienda siku nyingine, wala hakuwa anamzuia kumwona mtoto, ila alikuwa anamletea mlangoni, haingii ndani, na wakati wa kuondoka alisema "haya wifi" kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha, foleni ikawa fupi. Askari alikuwa mwingine, kijana asiyemjua. Alichukua karatasi, akakaa ndani muda mrefu kuliko kawaida. Mama Jalada alijiegemeza ukutani, maji yanamtiririka kutoka kwenye bati la kibanda, na bila kutaka akaanza kuhesabu milango inayofunguliwa na kufungwa huko ndani.

Askari akatokea peke yake.

"Hatoki, mama. Amesema hatoki." Akanyoosha mkono. "Ila amesema vitu viachwe."

Mama Jalada akampa mfuko. Askari akauchungulia, akaandika kwenye daftari, akamgeuzia atie sahihi. Alitia. Halafu akabaki amesimama pale dirishani, kalamu mkononi, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega kwa upole na kumwambia, mama, samahani, wengine tunasubiri.